Pikipiki chakavu, faida halali: mwongozo kwa fundi na mfanyabiashara wa Mtumba

Mji wa Serikali ulipozinduliwa Mtumba tarehe 13 Aprili 2019, kata iliyokuwa ya wakulima na wafugaji ilianza kupokea kila asubuhi watumishi, mafundi ujenzi, mama lishe na wananchi wenye shida zao wizarani. Wengi hushuka kando ya barabara kuu ya Dodoma na Dar es Salaam na kumalizia safari kwa bodaboda. Ongeza wanaokwenda Ihumwa, Kikombo na Hombolo, ongeza mizigo ya saruji, maji na mazao, utaelewa kwa nini vijiwe vya boda vimeota kila kona.

Pikipiki inayobeba watu kutoka alfajiri hadi usiku huchoka upesi. Nyingi zimeingia barabarani kwa mkataba: mwenye chombo anamkabidhi dereva, dereva analeta hesabu kila siku au kila wiki kwa miezi kadhaa, mwisho wa mkataba chombo kinakuwa chake. Siku kinapokuwa chake, mara nyingi kiko hoi. Cheni inalia, kiti kimechanika, injini inakula oili, na dereva anatamani kukiondoa ili aanze mkataba mwingine wenye pikipiki mpya. Hapo ndipo panapozaliwa biashara ya kununua pikipiki iliyochoka, kuitengeneza na kuiuza kwa mtu anayehitaji usafiri lakini hana fedha ya mpya.

Ni biashara halali na inawezekana kwa mtaji wa kawaida. Wanaoanguka humo huanguka kwa sababu mbili, na zote hutokea kabla spana haijashikwa: wamenunua chombo chenye kadi yenye kasoro, au wamenunua injini iliyokufa kwa bei ya injini nzima. Rangi mpya haiponyi hata moja kati ya hizo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makala haya inahusu siku ya kununua.

Anza na karatasi

Muuzaji atakuonesha pikipiki kwanza. Mwombe kadi. Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina jina la mmiliki, namba ya usajili inayoanza na MC, namba ya chesesi, namba ya injini, aina ya chombo na rangi. Chukua kitambaa chenye petroli, futa vumbi na grisi kwenye shingo ya usukani, mahali ambapo namba ya chesesi hugongwa kwenye chuma. Soma tarakimu moja baada ya nyingine ukilinganisha na kadi. Tarakimu zenye kina tofauti, chuma kilichopigwa msasa au rangi mpya iliyopakwa sehemu hiyo tu ni sababu tosha ya kumshukuru muuzaji na kuondoka. Fanya hivyo hivyo kwa namba iliyogongwa kwenye injini. Injini nyingine hubadilishwa kihalali baada ya kufa, lakini mabadiliko hayo yalipaswa kuingizwa kwenye usajili. Kama hayakuingizwa, mzigo wa kuyaeleza utakuwa wako.

Kisha linganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha NIDA cha aliyesimama mbele yako. Mara nyingi hayafanani. Utaambiwa, "Kaka, kadi ina jina la bosi wa zamani, mkataba uliisha, hakuna shida." Inawezekana anasema kweli. Dawa yake ni moja: mtafuteni huyo bosi aje asaini mauziano yeye mwenyewe. Ikiwa kadi haipo kwa sababu iko kwa taasisi iliyomkopesha muuzaji, chombo hicho ni dhamana ya mkopo. Usilipe hata senti mpaka deni lifutwe na kadi itoke mkononi mwa mkopeshaji huku ukishuhudia. Na akikuambia kadi imepotea, mwache kwanza aripoti polisi, kisha aombe nakala mpya TRA kwa jina lake. Ucheleweshaji huo ni nafuu kuliko kupoteza pikipiki nzima.

Kuna hali moja inayohitaji utu pamoja na umakini. Mjane au mtoto anaweza kukuuzia pikipiki ya marehemu kwa bei ya chini kwa sababu anahitaji fedha haraka. Kisheria, mwenye mamlaka ya kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mweleze hivyo kwa upole, mwelekeze Mahakama ya Mwanzo, na kama unaitaka kweli pikipiki hiyo, msubiri. Ukinunua bila hati ya usimamizi, hutaweza kuhamisha umiliki, na ndugu mwingine wa marehemu anaweza kuja kuidai wakati wowote.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasimama juu ya kanuni kwamba asiye mmiliki, wala hana ruhusa ya mmiliki, hawezi kukupa umiliki. Chombo cha wizi kitachukuliwa hata kama ulilipa bei kamili na umebadilisha kila spea. Zaidi ya hayo, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo bei ikiwa chini kupita kiasi, na muuzaji anataka fedha taslimu jioni hii hii, jiulize kwanza kwa nini.

Uhakiki wa madeni hauchukui muda. Kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa makosa ya barabarani (tms.tpf.go.tz) unaingiza namba ya usajili na kuona faini ambazo hazijalipwa. Stika ya bima nayo huhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Faini zikiwepo, kubalianeni nani anazilipa, muandike kwenye mkataba.

Mkataba wenyewe uwe na majina kamili, namba za NIDA, simu, namba ya usajili, ya chesesi na ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu: kama pikipiki ilimgonga mtu asubuhi na wewe umekabidhiwa mchana, karatasi itasema. Serikali ya mtaa inaweza kushuhudia, lakini mkataba uliosainiwa mbele ya wakili una nguvu zaidi mahakamani. Lipa kwa benki au kwa simu ili malipo yaache alama.

Minada ya Serikali

Wakazi wa Mtumba wana mlango mwingine ambao watu wa mikoa mingi wanausikia kwa mbali tu. Wizara na taasisi huondoa vyombo vilivyochakaa kwa mnada wa hadhara, na tangazo hubandikwa kwenye mbao za matangazo, tovuti na magazeti. Pikipiki nyingi za aina hii ni zile imara za kazi za shambani, zilizotumiwa na maafisa ugani au watu wa afya. Zinauzwa kama zilivyo na mahali zilipo, yaani hakuna kurudisha. Masharti yaliyozoeleka kwa vyombo vya moto ni kulipa papo hapo amana ya asilimia 25 na kumaliza salio ndani ya siku 14, vinginevyo amana inapotea. Ulizia pia kama chombo kilinunuliwa kwa msamaha wa ushuru, maana hapo mnunuzi anaweza kutakiwa kulipa kodi TRA kabla ya kukisajili kwa namba za kiraia. Siku za ukaguzi hutangazwa kabla ya mnada. Nenda na fundi siku hizo. Siku ya mnada watu hupandishana bei kwa joto la ushindani, na mwenye kikomo chake mfukoni ndiye anayetoka salama.

Injini ikiwa ya baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa ekzosi kwa uangalifu. Ikiwa ya moto, mtu ameshaipasha ili isikuoneshe shida yake ya asubuhi.

Sasa zima swichi, simama upande wa kiki na uibonyeze taratibu kwa uzito wa mwili. Usiipige. Injini yenye pumzi itakataa: kiki inashuka kidogo, inagoma chini ya mguu, halafu inapita kwa shida. Ikiteremka hadi mwisho bila upinzani wowote, pumzi haipo. Unaweza kujua pumzi inatorokea wapi kwa kipimo kimoja cha zamani. Fungua plagi, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu, zungusha injini mara mbili tatu oili isambae, rudisha plagi, jaribu tena. Pumzi ikirudi, tatizo ni ringi na silinda, kwa sababu oili imeziba nafasi kwa muda. Isiporudi, valvu hazifungi. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwenye mfuko wako.

Plagi uliyoifungua nayo isome. Ncha ya rangi ya kahawia iliyofifia ni dalili njema. Masizi makavu meusi yanaonesha mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi filta iliyoziba au kabureta isiyopimwa vizuri. Ncha iliyolowa oili inathibitisha kwamba oili inapanda kwenye chumba cha moto. Ncha nyeupe inaonesha injini inachemka kupita kiasi.

Halafu fungua boksi la filta ya hewa, mahali ambapo wanunuzi wengi hawafiki. Ukanda huu wa kati una mvua za msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni upepo na vumbi jekundu. Pitisha kidole upande wa ndani wa boksi, ule unaotazama kabureta. Kidole kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikivuta mchanga. Mchanga huo hunasa kati ya ringi na ukuta wa silinda na kuusaga kila pistoni inapopanda na kushuka. Kuna madereva waliotoa filta kabisa wakidhani pikipiki itapata nguvu. Injini ya namna hiyo ihesabie bloku na pistoni mpya tangu mwanzo, hata kama leo inaunguruma vizuri.

Washa sasa na uangalie moshi. Moshi mweupe mwepesi asubuhi unaopotea baada ya dakika moja ni unyevu tu. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha kisha ukakata huelekeza kwenye sili za valvu, kazi isiyo kubwa. Moshi wa bluu unaoongezeka kila unapovuta mafuta ni ringi. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi.

Sikiliza pia. Sauti nyembamba ya kugonga juu, kwenye kichwa cha injini, mara nyingi huisha kwa kurekebisha nafasi ya valvu. Mlio mzito wa kugonga chini, unaoongezeka ukipandisha mzunguko, ni konrodi na beringi yake. Hapo injini itafunguliwa yote, krankishafti itoke, na faida yako imeshaondoka. Kwa anayeanza, mlio huo ni amri ya kuacha.

Ijaribu barabarani ukiwa na helmeti na leseni ya daraja la pikipiki. Kwenye gia ya juu vuta mafuta ghafla: injini ikipaa lakini mwendo usiongezeke, pleti za klachi zimekwisha. Angalia kama gia ya pili inaruka. Achia usukani kidogo kwenye mwendo mdogo, mahali salama, uone kama inavuta upande mmoja. Kisha isimamishe, kaa nyuma yake umbali wa hatua chache, tazama kama gurudumu la nyuma na la mbele yako mstari mmoja. Pikipiki iliyobeba magunia ya mkaa na madumu ya maji kwa miaka huweza kuwa imepinda chesesi au kupasuka penye maungio chini ya kiti. Chunguza kila alama ya kuchomelea. Chesesi iliyopasuka na kuchomelewa ovyo si mali ya kumuuzia mtu atakayebeba abiria kwenye barabara yenye malori, hata ukipewa bure.

Mambo mengine ni mepesi: shokapu zinazovuja, boli resi za usukani zinazokwama katikati, betri isiyopokea chaji, tenki lenye kutu ndani (limulike kwa tochi ya simu, kamwe usitumie kiberiti). Vyote hivi vinatengenezeka. Kazi yake siku ya kununua ni kushusha bei, kwa maelezo, bila kumdhalilisha mwenye mali.

Hesabu huanzia mwisho

Usijiulize kwanza utanunua kwa bei gani. Jiulize pikipiki ya aina hiyo, ikiwa nzima, inauzwa bei gani leo Dodoma, kisha rudi nyuma. Tembelea vijiwe, uliza madereva, sikiliza bei wanazouziana wenyewe, si bei zinazoandikwa kwenye matangazo. Chagua aina ambazo spea zake zipo kila duka, kama Bajaj Boxer, TVS HLX au Honda. Pikipiki adimu hununuliwa rahisi na kuuzwa kwa taabu, na spea yake itakupeleka mpaka Kariakoo.

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kukokotolea tu; weka bei ulizozikuta mwenyewe. Umekuta Boxer inayoweza kuuzwa 1,850,000 ikiwa imetengenezwa. Umeinunua 1,000,000. Dalali na usafiri 40,000. Kuhamisha umiliki umetenga 60,000. Seti ya cheni na sproketi 45,000, tairi la nyuma 65,000, breki shuu za mbele na nyuma 20,000, oili, filta na plagi 30,000, beringi za magurudumu 20,000, waya, taa na vioo 40,000, betri 50,000. Spea peke yake ni 270,000. Fundi 80,000, rangi na kushona kiti 70,000. Jumla 1,520,000. Ongeza akiba ya 100,000 kwa ajili ya lile ambalo hukuliona, maana lazima lipo. Ukiuza kwa bei uliyopanga, na akiba yote ikaliwa, unabaki na 230,000.

Faida hiyo ni nzuri kwa kazi ya wiki mbili tatu, lakini ni nyembamba. Ukikuta ringi, pistoni na bloku vyote vinahitajika, imekwisha. Ndiyo maana ile dakika ya kubonyeza kiki ni ya thamani kuliko siku nzima ya kupiga rangi. Usianze na fedha ya mkopo wenye marejesho ya kila wiki, kwa sababu pikipiki haiuziki kwa ratiba ya mkopeshaji. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inafaa zaidi kwa kikundi ambacho tayari kimeshauza chombo kimoja au viwili na kinaijua biashara.

Kodi nayo iingie kwenye hesabu. Mfanyabiashara mdogo hutozwa kodi ya mapato kwa mauzo, si kwa faida. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Pikipiki tatu za 1,850,000 ni mauzo ya 5,550,000, ingawa faida yako ni 690,000 tu. Katika kundi la milioni 4 hadi 7, asiye na kumbukumbu alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4, ambayo kwa mfano huu ni 46,500. Daftari na risiti zako za spea zimekuokolea zaidi ya nusu. Viwango hubadilika kwa bajeti, kwa hiyo uliza dawati la TRA kila Julai.

Kazi ya mikono

Osha kwanza, ukiwa umeziba tundu la ekzosi na kabureta, na usielekeze maji ya presha kwenye beringi wala nyaya. Pikipiki safi huonesha inapovuja.

Kisha fuata mpangilio huu: kinachosimamisha chombo, kinachokiendesha, mwisho kinachopendeza. Breki na matairi havijadiliwi. Breki shuu zilizokwisha zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, na ndani ya ngoma pasafishwe vumbi. Tairi kipara litolewe hata kama bado linashika upepo. Cheni ibadilishwe pamoja na sproketi zake za mbele na nyuma. Cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka huharibika upesi, na mteja atarudi akiwa na hasira ya haki.

Kwenye injini, mwaga oili ikiwa ya moto na uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Chembe za chuma zinazong'aa ni habari mbaya. Rangi ya maziwa ni maji. Safisha kabureta, pima nafasi ya valvu injini ikiwa ya baridi, weka filta mpya ya hewa na uhakikishe boksi linaziba pande zote. Kwa Dodoma, mpira wa boksi uliopasuka ni sawa na kutokuwa na filta.

Kama ringi zimekwisha, usikubali fundi abadilishe ringi tu bila kupima silinda. Silinda iliyolika kwa umbo la yai haitashika ringi mpya, na baada ya wiki chache moshi unarudi. Ama bloku ichongwe na kuwekewa pistoni ya saizi inayofuata, ama inunuliwe seti mpya ya bloku na pistoni. Injini iliyofanyiwa ovahoo haipaswi kuvutwa kwa nguvu zote katika kilomita mia kadhaa za mwanzo, na mnunuzi lazima aambiwe hivyo kwa mdomo na kwa maandishi.

Oili chafu usiimwage chini. Jiji hili linategemea sana maji ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Tunachomwaga ardhini tunakunywa. Kusanya kwenye dumu umpelekee anayeinunua.

Rangi iwe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Ukiibadilisha, taarifa za usajili nazo zibadilishwe TRA, na hiyo ni gharama ya bure kwa mtu anayetaka kuuza. Kiti kilichoshonwa vizuri, vioo viwili, honi inayolia na taa zote zinazowaka zinavutia kuliko stika. Redio na taa za mapambo ziache. Kilomita za kwenye mita usiziguse kabisa. Huo ni udanganyifu, na madereva wa boda wanasoma umri wa chombo kwenye vishikio na pedali za miguu, hawaangalii mita.

Kama wewe si fundi, lipa fundi kwa kazi iliyotajwa, uwepo akifanya, na uchukue spea za zamani. Kama una kipaji lakini huna cheti, VETA Dodoma inafundisha ufundi wa vyombo vya moto, na upo utaratibu wa kutambua ujuzi wa waliojifunzia gereji.

Kuuza

Kuna msimu. Januari hadi Machi watu wana ada za shule na mashamba, fedha ni adimu. Huo ni wakati wa kununua. Bunge la bajeti linapokaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, jiji hufurika wageni, boda wanapata, na wenye kutaka chombo cha pili hujitokeza. Mavuno ya alizeti na mtama yakishauzwa, wakulima wa vijijini nao huja mjini na fedha mkononi. Pikipiki uliyoinunua Februari kwa taabu ya mwenzako inaweza kuuzwa Juni bila kubembeleza mtu.

Mnunuzi akija, muoneshe daftari: umebadilisha nini, kwa risiti ipi, na nini hukubadilisha. Mwekee spea za zamani kwenye boksi azione. Mruhusu aje na fundi wake. Kuna wauzaji wanaoliogopa jambo hili, lakini Mtumba bado ni mahali ambapo dereva mmoja akiridhika, kijiwe kizima kinajua, na akidanganywa, kijiwe kizima kinajua vilevile. Unaweza kumuahidi kwa maandishi kurekebisha bure kazi uliyoifanya wewe ndani ya wiki mbili. Ahadi hiyo hugharimu kidogo kama ulifanya kazi kweli.

Umiliki usipitishwe pembeni. Wapo wanaonunua, wakaacha kadi kwenye jina la mtu wa kwanza, wakauza kwa mkataba wa mkono ili wakwepe ada. Mnunuzi wa tatu au wa nne anajikuta akimtafuta mtu aliyehamia Kahama. Hamisha jina unaponunua, kisha hamisha tena unapouza. Utahitaji kadi halisi, mkataba, TIN na vitambulisho vya pande zote mbili, pamoja na ada ya kuhamisha, ada ya kadi mpya na ushuru wa stempu unaokokotolewa kwa bei ya mauziano. Andikeni bei ya kweli. Jumla ya gharama hizo iulize TRA kabla hujapanga bei.

Mwambie pia mnunuzi anayekwenda kubeba abiria kwamba kadi peke yake haimtoshi: anahitaji bima hai, leseni ya udereva ya daraja husika, na leseni ya usafirishaji kwa utaratibu wa LATRA.

Pikipiki ikikaa mwezi bila mteja, punguza bei kabla ya kuongeza mapambo. Ikikaa miwili, fikiria kuitoa kwa mkataba kwa dereva unayemjua, mwenye mdhamini, kwa maandishi yanayosema analipa kiasi gani kila wiki, nani anabadilisha oili na tairi, nani analipa faini, nini kitatokea akiugua au chombo kikiibwa, na siku gani kadi itakwenda kwenye jina lake. Kila mmoja abaki na nakala yake, na kila malipo yapite kwa simu.